Mwaliko au Wito? Uhakiki wa Lugha ya Mialiko ya Kalenda katika Kikasha cha Baruapepe

Ikisiri

Mwaliko wa kalenda unaofika katika kikasha cha baruapepe ni matini fupi inayoanzishwa na mtu, ikakamilishwa na mashine na kujibiwa kwa kubofya kitufe. Makala haya yanaihakiki matini hiyo kama utanzu wa mawasiliano ya kiofisi. Yanadai kwamba udhaifu wake katika Kiswahili hautokani na uhaba wa istilahi bali na uteuzi wa tendo uneni lisilofaa: kikao cha kazi, ambacho kwa Kiswahili huitishwa, kimefasiriwa kama sherehe ambayo watu hualikwa. Kutokana na uteuzi huo, kutohudhuria kumegeuzwa kuwa kukataa, ilhali utaratibu wa vikao vya Kiswahili una neno lake la siku nyingi, yaani udhuru. Makala yanaongozwa na Nadharia ya Vitendo Uneni pamoja na Nadharia ya Staha, na yanachunguza vitufe vya kujibu, vichwa vya majibu yanayotumwa na mashine na uandishi wa saa katika ukanda ambao asubuhi moja ina saa tatu tofauti.

1.0 Utangulizi

Katika kipindi kifupi Kiswahili kimepewa hadhi ambazo zamani zilikuwa za kuombwa. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikipokea kuwa lugha rasmi mwaka 2019. UNESCO ikaitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake kwa azimio la Novemba 2021. Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi mwezi Februari 2022. Hadhi hizi zina matokeo ya kila siku ambayo hotuba za sherehe huyaruka. Lugha ya kazi ni lugha inayoitisha vikao, inayohesabu wajumbe, inayoandika kumbukumbu na inayomjulisha katibu kwamba mjumbe fulani hatafika. Leo sehemu kubwa ya kazi hiyo haifanywi kwa barua yenye muhuri. Inafanywa ndani ya kikasha cha baruapepe, kwa kadi ndogo yenye jina la kikao, tarehe, saa na vitufe vitatu.

Mjadala wa Kiswahili na kompyuta umekwenda mbali, lakini umekwenda zaidi katika upande mmoja. Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, swali lililotawala ni la istilahi: kitu fulani kiitweje? Baruapepe au barua ya elektroniki, kikasha au sanduku la barua, kiolesura au sura ya programu? Swali hilo ni la lazima na limezaa matunda. Hata hivyo, programu haina nomino peke yake. Huuliza, huamuru, huomba radhi na hujibu kwa niaba ya mtumiaji. Msamiati ukishakamilika, bado linabaki swali la nani anamwambia nani, na kwa haki gani. Mwaliko wa kalenda ni mahali pazuri pa kulichunguza swali hilo kwa sababu ni miongoni mwa matini chache za kompyuta ambazo mashine huzisema kwa jina la mtu, mbele ya mtu mwingine ambaye huenda ni mkubwa wake.

2.0 Matini yenyewe

Mwaliko wa kalenda una tabaka mbili. Ya kwanza ni maandishi ya mwandaaji: salamu, ajenda, pengine kiungo cha mkutano wa mtandaoni. Ya pili ni data ambayo msomaji haioni moja kwa moja. Data hiyo hufuata kiwango kiitwacho iCalendar, kilichochapishwa na jopo la wahandisi wa intaneti, IETF, mwaka 1998 kama hati RFC 2445 na kuandikwa upya mwaka 2009 kama RFC 5545. Hati sahaba ya mwaka huohuo wa 2009, RFC 5546, inaeleza jinsi programu mbili zinavyopatana kuhusu tukio: moja inaomba, nyingine inajibu, ya kwanza inarekebisha au inafuta. RFC 6047 ya mwaka 2010 inaeleza jinsi mapatano hayo yanavyosafirishwa ndani ya baruapepe. Ni kwa sababu ya hati hizi mtu wa Bujumbura anayetumia programu ya kampuni moja anaweza kumjibu mtu wa Zanzibar anayetumia programu ya kampuni nyingine bila ya yeyote kati yao kufungua kalenda. Jibu hutolewa palepale kwenye kikasha.

Kiwango hicho kinamweka kila mshiriki katika hali moja kati ya hali kadhaa. Kabla hajafanya lolote, huhesabiwa kuwa anasubiriwa kutenda. Baadaye anaweza kuwa amekubali, amekataa, hajathibitisha au amekabidhi nafasi yake kwa mtu mwingine. Hali hizi zimeandikwa kwa Kiingereza kwa sababu ni lugha ya mashine na mashine. Programu ndizo zinazozigeuza kuwa maneno ya binadamu, na hapo ndipo mfasiri anapoingia. Kosa linalohakikiwa hapa kwa hiyo si la kiwango. Kiwango hakimwambii yeyote aandike nini kwenye kitufe.

3.0 Kualika na kuitisha

Kiingereza kina neno moja kwa mambo mawili ambayo Kiswahili huyatenga. Mwenye arusi hualika, mwenyekiti huitisha. Anayealikwa ana hiari, naye akienda huwa amemtukuza mwenyeji. Anayeitwa kikaoni ana wajibu, naye akienda huwa ametimiza kazi yake. Ndiyo maana Kiswahili husema mwaliko wa karamu lakini wito wa mkutano, na ndiyo maana anayeufuata wito husemwa ameuitikia, si ameukubali. Kukubali kunadokeza kwamba kulikuwa na ombi, na kwamba mwenye kuamua ni aliyeombwa. Kuitikia kunadokeza sauti iliyotoka kwa mwenye haki ya kuita.

Tofauti hii inaonekana waziwazi katika kumbukumbu za vikao. Katika mpangilio uliozoeleka, majina ya wajumbe huorodheshwa mahali pake, na pale panapoandikwa "waalikwa" huwekwa watu wasio wajumbe: mtaalamu aliyekuja kutoa maelezo, mgeni kutoka idara nyingine. Mjumbe wa kamati hawi mwalikwa katika kamati yake. Programu inapomletea katibu wa kamati ujumbe kwamba "amealikwa" kwenye kikao cha kamati hiyohiyo, inamhamisha kutoka orodha moja hadi nyingine, kwa maneno tu, lakini kwa maneno ambayo msomaji mzoefu wa kumbukumbu anayasikia. Mambo huwa mabaya zaidi pale mshiriki anapoitwa "mhudhuriaji" kabla ya siku yenyewe kufika, kwa kuwa nomino ya mtenda inadai tendo ambalo bado halijatendwa.

Inaweza kujibiwa kwamba neno mwaliko limeshapanuka, na kwamba makatibu muhtasi wengi huandika "mwaliko wa kikao" hata katika barua za karatasi. Ni kweli, na hakuna haja ya kulipiga vita neno lililokwishaingia katika matumizi. Mwaliko kama jina la kadi unavumilika. Kisichovumilika ni kuendelea na mantiki ya sherehe hadi kwenye majibu, kwa sababu majibu ndiyo yanayotenda jambo.

4.0 Vitufe: nani anasema?

Austin (1962) alionyesha kwamba kuna semi ambazo kuzitamka ni kutenda. Kitufe cha kujibu mwaliko ni semi ya aina hiyo katika umbo la wazi kabisa: anayekibofya hatoi habari juu ya uamuzi wake, bali anauamua na kuutangaza kwa pigo moja. Katika uainishaji wa Searle (1979), jibu la kuhudhuria ni tendo la kujifunga. Msemaji anajiwekea deni la siku zijazo. Deni linahitaji mdaiwa. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mfasiri wa kitufe ni la kisarufi: nafsi ya tendo ni ipi?

Kiingereza kinaweza kulikwepa swali hilo. Kitenzi chake kisicho na kiambishi kinaweza kuwa amri, jina la tendo au ufupisho wa kauli ya nafsi ya kwanza, na msomaji hachagui. Kiswahili hakina maficho hayo. Mfasiri lazima aandike "Kubali", ambayo ni amri. Au "Kukubali", ambalo ni jina la tendo. Au "Nakubali", ambayo ni kauli ya mbofyaji. Desturi iliyoenea katika programu zilizotafsiriwa ni amri, na kwa vitufe vingi amri inafaa. "Hifadhi", "tuma", "futa" ni maagizo ya mtu kwa mashine, na mashine haina cheo cha kuvunjiwa heshima. Hata "ghairi", ambalo programu nyingi hulitumia mtu anapotaka kuacha alichokianza, ni uteuzi mzuri kuliko wengi wanavyoupa sifa, kwa kuwa kughairi ni kubadili nia, na ndicho hasa mtumiaji anachofanya.

Kujibu kikao ni jambo jingine. Hapa mashine ni tarishi. Amri "Kataa" haimwishii tarishi. Inaondoka na kufika kwa mwenyekiti. Laiti kitufe kingekuwa katika nafsi ya kwanza, mbofyaji angeiona kauli yake kabla ya kuituma na kujiuliza kama kweli angeisema hivyo.

Programu mbili zinazotumika sana zinatofautiana katika jambo hili kwa namna ambayo haijaangaliwa ipasavyo. Outlook humpa mpokeaji machaguo ya kukubali, kukubali bila uhakika na kukataa. Muundo wake ni wa toleo na pokeo, kama bidhaa iliyowekwa mezani. Gmail humuuliza kama atakwenda, na kumpa ndiyo, hapana na labda; muundo wake ni wa swali na jibu. Kwa masikio ya Kiswahili muundo wa pili una nafuu kubwa. "Hapana" ikiwa jibu la "Je, utahudhuria?" ni taarifa juu ya ratiba, na haimkatai mtu. Bahati mbaya nafuu hiyo haifiki upande wa pili. Jibu lile la "hapana" likishatumwa, baruapepe inayomfikia mwandaaji hubeba kichwa kinachotangaza kwamba tukio limekataliwa. Mjumbe amesema hataweza kufika; mwenyekiti ameambiwa kwamba amekataliwa. Baina ya kauli hizo mbili hakuna mtu aliyesema uongo, na bado ujumbe uliofika sio uliotumwa.

Kichwa hicho cha jibu kina tatizo jingine, la upatanisho wa kisarufi. Mashine huunganisha neno moja lisilobadilika na jina la tukio ambalo hailijui. Mfasiri akiandika "Imekataliwa", kiambishi i- hakina nomino ya kukipokea: mwaliko ungedai "umekataliwa", kikao kingedai "kimekataliwa", warsha ingedai "imekataliwa". Jibu likisomeka "Imekataliwa: Kikao cha Kamati ya Istilahi", msomaji hupuuza upatanisho uliovunjika na kutafuta maana ya karibu zaidi, nayo ni kwamba kikao chenyewe kimepingwa. Njia ya kutoka ni kuiacha kauli ya kutendwa na kumrudisha mtenda. "Hatahudhuria: Kikao cha Kamati ya Istilahi" haina nomino ya kupatanisha, inamhusu mtu aliyetuma jibu, na inasomeka sawasawa jina la tukio liwe la ngeli yoyote.

5.0 Labda

Chaguo la katikati limefasiriwa kwa urahisi kupita kiasi. "Labda" ni kielezi cha makisio. Msemaji akisema labda mvua itanyesha, hajiwekei deni lolote kwa mvua. Mjumbe akimjibu mwenyekiti "labda", amejitoa katika jambo linalomhusu na kulitazama kutoka mbali, kana kwamba kuhudhuria kwake kunategemea hali ya hewa. Hali ambayo kiwango kinaikusudia ni nyingine: mtu ameweka nafasi katika kalenda yake, ana nia, lakini hajaweza kuthibitisha.

Waswahili wana njia nyingi za kusema jambo hilo, na karibu zote ni za kujifunga kwa staha. Inshallah, Mungu akipenda, nitajitahidi: kila moja inatoa ahadi na kuiwekea sharti lililo nje ya uwezo wa msemaji. Ni kweli kwamba inshallah imechakaa katika baadhi ya vinywa hata ikawa njia ya kukataa bila kukataa, na wenyeji wa mikutano wanalijua hilo vizuri. Haifai pia kuipa mashine maneno ya imani ya watu. Lakini "Nitathibitisha" ipo, ni ya kawaida katika ofisi za pande zote za ukanda, na inatenda kile ambacho labda haitendi: inaahidi jibu jingine. Ina herufi 14 dhidi ya 5 za "Labda", na wabunifu wa violesura watalalamika juu ya upana wa kitufe. Malalamiko hayo ni ya haki kwenye kioo cha simu. Hayatoshi kuhalalisha neno linalosema jambo jingine.

6.0 Udhuru na akidi

Jambo zito zaidi ni la kutohudhuria. Mwanafunzi wa sekondari anayefundishwa kuandika kumbukumbu za mkutano hujifunza vichwa vinavyofuatana: waliohudhuria, waliotuma udhuru, waliokosa bila udhuru. Hakuna kichwa cha waliokataa. Si kwamba watu wa vikao vya Kiswahili hawajawahi kukataa kuja. Ni kwamba utaratibu hauwapi nafasi ya kusema hivyo, na kuna hekima katika kuwanyima. Udhuru unamaanisha kwamba wajibu wa kuhudhuria unatambuliwa, kwamba mwenye kuitisha alikuwa na haki ya kuitisha, na kwamba kikwazo ni cha nje. Mtu anayetuma udhuru huulinda wito hata pale anaposhindwa kuutimiza. Brown na Levinson (1987) wangesema kwamba udhuru hufidia hadhi ya mwitishaji iliyo hatarini kuguswa. Maelezo yao yanafaa, ingawa yanaliona suala kama la watu wawili, ilhali udhuru katika kikao ni suala la hadhara: husomwa, huandikwa, hupitishwa, na baadaye huweza kutumiwa kama ushahidi kwamba mjumbe hakutoroka.

Linganisha majibu mawili. La kwanza: "Profesa, shikamoo. Nimepata wito wa kikao cha Alhamisi. Naomba udhuru kwa kuwa siku hiyo nasimamia mitihani. Maoni yangu juu ya ajenda ya tatu nitayaleta kwa maandishi." La pili: kubofya "Kataa". Ya kwanza ni ya Tanzania zaidi kwa salamu yake. Katika ofisi za Nairobi au Kampala shikamoo ingeachwa na mwanzo ungekuwa mwingine. Kiini chake hata hivyo kinafahamika kote, nacho kina sehemu tatu ambazo kitufe hakina: kuutambua wito, kutaja kikwazo, kutoa mbadala.

Mzungumzaji aliyelelewa katika utaratibu huu anapokutana na kitufe cha kukataa, njia inayobaki wazi mbele yake ni kutobofya. Anafunga ujumbe, anamwandikia mwenyekiti kwa WhatsApp au anampigia simu, anaomba udhuru kwa lugha iliyo kamili, na anaamini amemaliza. Kwa adabu amemaliza. Kwa kalenda bado hajajibu. Hali yake inabaki ileile ya mtu anayesubiriwa kutenda, sawa na ya yule ambaye hajaufungua ujumbe kabisa. Katibu anayeandaa kikao huona orodha ya watu waliokaa kimya, na ndani ya ukimya huo wamo waliotuma udhuru kwa njia nyingine, wasio na habari na wasiojali, wote wakiwa na alama moja.

Hapo akidi inaingia. Kikao kisicho na akidi hakiwezi kupitisha maamuzi, na kwa kamati ambazo wajumbe wake wanatoka nchi nne au tano, kugundua upungufu wa akidi asubuhi ya kikao ni gharama: tiketi zimekatwa, posho zimeandaliwa, wakalimani wameajiriwa. Katibu anayeitegemea kadi ya kalenda anahesabu kwa kipimo ambacho lugha yake yenyewe imewazuia watu kukijaza. Lawama ya kawaida huelekezwa kwa wajumbe, kwamba hawajui kutumia kompyuta au hawana utamaduni wa kujibu. Lawama hiyo haina msingi kwa mtu aliyejibu kwa aya nzima mahali pengine. Wajumbe wana utamaduni wa kujibu wenye kanuni kali kuliko za kitufe, na kitufe ndicho hakikuzijua.

Pendekezo linalotokana na hoja hii ni la maneno mawili: "Natuma udhuru". Halihitaji kubadili kiwango wala programu, kwa sababu linaweza kukaa juu ya hali ileile ambayo sasa inaitwa kukataa. Lina urefu wa alama 13 pamoja na nafasi katikati yake. Linamleta mbofyaji katika nafsi ya kwanza. Zaidi ya hayo linamkumbusha kwamba udhuru unatakiwa kuwa na maelezo, na hapo ndipo uwezo ambao tayari umo katika programu ungepata kazi. Outlook, kwa mfano, humruhusu anayejibu kuandika maneno yake kabla jibu halijaondoka. Programu hiyohiyo ina chaguo jingine ambalo linastahili kushutumiwa kwa lugha yoyote: kuiambia kalenda ya mjumbe kwamba hataenda bila kumtumia mwandaaji neno lolote. Huko ni kukosa bila udhuru kuliko na utaratibu.

Kuna pia kadhia ya ujumbe unaotoweka. Katika Outlook, kwa mpangilio wa kawaida, mwaliko ukishajibiwa huondolewa kikashani na kuhamishiwa kwenye vilivyofutwa, kwa mantiki kwamba tukio sasa limo katika kalenda. Mantiki hiyo ni ya mashine inayoona tukio tu. Kwa katibu muhtasi barua ya wito ni hati yenye ajenda, yenye tarehe ya kutumwa, ya kutunzwa kwenye jalada, na inaweza kuulizwa miezi mingi baada ya kikao.

7.0 Saa nne ni saa ngapi

Katika uandishi wa wakati hukumu inageuka: hapa mashine inafanya vizuri na waandishi ndio wanaokosea. Zanzibar, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ziko saa tatu mbele ya saa ya dunia. Kigali, Bujumbura, Goma, Bukavu na Lubumbashi ziko saa mbili mbele. Kinshasa saa moja. Kikao kinachoitishwa Zanzibar saa 10:00 kwa saa ya kimataifa huanza Kigali ikiwa 9:00 na Kinshasa ikiwa 8:00. Kadi ya kalenda inalijua hilo kwa sababu data yake hubeba eneo la saa, na kila mpokeaji huonyeshwa saa ya mahali alipo. Tabaka ya maandishi hailijui. Mwandaaji wa Zanzibar huandika "kikao kitaanza saa 4:00 asubuhi", bila kutaja ni saa nne ya wapi. Mjumbe wa Kigali anayesoma maandishi na kuiacha kadi huingia mkutanoni saa nzima baada ya ufunguzi.

Juu ya tofauti hiyo ya kanda huja tofauti ya kuhesabu. Saa ya Kiswahili huanza na macheo, na haiko peke yake: Kinyarwanda na Luganda huhesabu vivyo hivyo, jambo ambalo linaipa eneo la Maziwa Makuu hesabu moja kuvuka lugha. Barua rasmi za Tanzania huandika 4:00 kwa tarakimu zikimaanisha saa ambayo kadi inaiandika 10:00. Msomaji anapata tarakimu mbili tofauti katika ujumbe mmoja, zote sahihi. Mtu anayejaza kadi akinakili tarakimu za barua bila kuzigeuza, atakuwa ameitisha kikao saa kumi za alfajiri, na kwa mjumbe wa Bujumbura kadi itaonyesha 3:00, yaani saa tisa za usiku.

Je, programu zionyeshe saa za Kiswahili? Hazina ya data za lugha inayosimamiwa na Unicode, ambayo programu nyingi huitegemea, inaonyesha jinsi suala hili lilivyoachwa njiani. Kwa Kiswahili, jina la adhuhuri katika hazina hiyo ni "saa sita za mchana" na la usiku wa manane ni "saa sita za usiku". Aliyeyaandika majina hayo alijua hesabu ya Waswahili. Tarakimu zinazoonyeshwa pembeni yake, hata hivyo, hubaki za kimataifa, kiasi kwamba 12:00 na saa sita huishi katika hazina moja bila kujuana. Kugeuza tarakimu zote zifuate hesabu ya Kiswahili kungeleta hatari kubwa kuliko faida, kwa kuwa 4:00 tupu ingekuwa na maana mbili kwenye kioo kilekile. Kilicho salama ni kuacha tarakimu za kimataifa na kuongeza maneno: "10:00, saa nne asubuhi". Maneno hayajawahi kuwachanganya Waswahili. Zinazowachanganya ni tarakimu zilizovaa nguo za maneno.

Mpaka hilo lifanyike, katibu anaweza kulifanya mwenyewe katika sehemu ya maandishi anayoimiliki, kwa kutaja mji pamoja na saa: saa nne asubuhi Zanzibar, saa tatu asubuhi Kigali, Bujumbura na Goma, saa mbili asubuhi Kinshasa. Ni mstari mmoja, na unapaswa kukaa juu ya ajenda, kwa sababu mjumbe anayesoma ujumbe kwenye simu akiwa safarini mara nyingi haoni zaidi ya mistari michache ya mwanzo, na kadi yenyewe huenda isifunguke pale mtandao unapokuwa hafifu.